Pantografu ya Mikono Minne: Ipime kwa Rula Kabla Hujalipa

Pantografu ya plastiki, kifaa cha mikono iliyoungwa kwa skrubu cha kunakili mchoro kwa kuukuza au kuupunguza, ina sifa moja kubwa na kasoro moja kubwa, na zote mbili zinatokana na matundu yake. Yakiwa yametobolewa sawasawa, mchongaji wa Mji wa Kale wa Mombasa, mchora mabango wa Kongowea au mwalimu wa hesabu anapata nakala iliyokuzwa mara mbili, mara tatu, hata mara nne, kila pembe ikibaki vilevile. Yakitobolewa ovyo, namba zilizopigwa chapa kwenye mikono ni mapambo tu. Ndiyo maana hapa hakuna jina la duka wala la kampuni. Pakiti mbili za aina moja, zilizokaa rafu moja, zaweza kutofautiana, basi la maana ni kujua namna ya kuipima ile uliyoshika mkononi.

Kifaa chenyewe ni cha zamani. Christoph Scheiner, padri Mjesuiti wa Ujerumani, alikibuni mwaka 1603 na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1631. Tangu hapo umbo halijabadilika sana: mikono minne yenye urefu sawa, skrubu, nanga, sindano na penseli.

Mkono wa kwanza unaanzia kwenye nanga, yaani ncha inayobanwa ukingoni mwa meza. Tuiite O. Unapanda hadi kileleni, B. Mkono wa pili unashuka kutoka B hadi kwenye penseli, Q. Mkono wa tatu na wa nne imeunganishwa kwenye sindano, P, ile ncha butu inayopitishwa juu ya mchoro asilia. Wa tatu unapanda ukafungwa na wa kwanza kwa skrubu A, wa nne ukafungwa na wa pili kwa skrubu C. Skrubu A na C ndizo zinazohamishwa kutoka tundu hadi tundu. Ukizifunga ipasavyo, ABCP huwa msambamba (umbo la pande nne ambalo pande zinazokabiliana ziko sambamba), na O, P na Q hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka hata ukivuta mikono vipi.

Kazi yote inafanywa na pembetatu mbili, OAP ndogo na OBQ kubwa. AP iko sambamba na BQ, pembe ya O ni ya zote mbili, kwa hiyo pembetatu zinafanana na pande zao zina uwiano mmoja:

OB ÷ OA = BQ ÷ AP = OQ ÷ OP

Uwiano huo ndio namba iliyochapwa kando ya tundu. Ukisoma 3, maana yake OA ni theluthi ya OB, na kila mstari utakaoupitia kwa sindano utatoka kwa penseli ukiwa mara tatu.

Sasa dukani. Omba rula na uinyooshe mikono kaunta. Pima urefu wa mkono kutoka tundu la mwisho hadi tundu la mwisho la upande wa pili, halafu gawanya kwa namba ya kila tundu. Kupima katikati ya tundu kwa macho ni shida, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa tundu jingine. Matundu yakiwa na upana sawa, jibu ni lilelile. Kwa mikono ya sentimita 36, umbali wa OA unatakiwa uwe hivi:

tundu la 1½: sm 24
tundu la 2: sm 18
tundu la 2½: sm 14.4
tundu la 3: sm 12
tundu la 4: sm 9
tundu la 6: sm 6
tundu la 8: sm 4.5

Tazama jinsi matundu yanavyobanana upande mmoja. Kati ya 1½ na 2 kuna sentimita 6 nzima. Kati ya 6 na 8 ipo moja na nusu tu. Hapo ndipo vifaa vya bei ya chini huumbuka. Tundu la 2 likikosewa kwa milimita moja, likawa sm 18.1, uwiano halisi unakuwa 36 ÷ 18.1, yaani 1.99. Hakuna atakayegundua. Tundu la 8 likikosewa kwa milimita ileile, likawa sm 4.6, uwiano unashuka hadi 7.83, na mstari uliotakiwa kuwa sentimita 40 unatoka na 39.1. Kwa hiyo muuzaji akikusifia kwamba kifaa chake kinakuza hadi mara 8 au 10, usiongeze hata shilingi kwa ajili hiyo. Ubora wake utauona kwenye 1½ hadi 4.

Kuna jambo la pili la kukagua papo hapo. Pandanisha mikono yote minne, mmoja juu ya mwingine, uinue kwenye mwanga. Matundu yaonekane wazi kabisa, tundu juu ya tundu. Ukiona mwezi mwandamo kwenye baadhi yake, irudishe pakiti. Kisha ingiza skrubu kwenye tundu uitikise: ikicheza, hiyo ni milimita nusu ya uongo kwenye kila ungio, na maungio ni manne.

Nyumbani, kosa la kwanza la wengi ni kuhamisha skrubu moja na kuisahau ya pili. Kila skrubu inapita mikono miwili, kwa hiyo kuna matundu manne ya kuangalia, na yote manne lazima yasome namba moja. Skrubu A ikiwa kwenye 2 na C kwenye 2½, ABCP si msambamba tena, O, P na Q zinaacha mstari, na duara linatoka kama yai. Wengi hulaumu mkono wao au plastiki, kumbe ni tundu moja tu.

Kabla ya kugusa mchoro wa maana, kuza mraba wa sentimita 5. Ukiwa kwenye 3, kila upande utoke na 15. Usiishie hapo. Pima na mishazari: kwenye mraba mdogo ni 7.07, kwenye mkubwa iwe 21.2, yote miwili. Pande nne zikiwa sawa na mishazari ikatofautiana, umepata mraba ulioinama, na umbo hilo halifanani na la mwanzo ingawa pande zake zote zina uwiano sahihi. Wanafunzi huchanganyikiwa hapa kwa sababu kwenye pembetatu uwiano wa pande tatu unatosha, pembe zinajipanga zenyewe. Umbo la pande nne halina uaminifu huo. Pembe zake hubadilika bila pande kubadilika, kama kitanda cha kamba kilicholegea maungio.

Kukaza skrubu nako kuna kipimo chake. Kaza mpaka mkono ukatae kutikisika juu na chini, lakini ujikunje ukisukumwa kwa kidole kimoja. Ukikaza zaidi, penseli inaruka-ruka kwenye kona. Meza iwe tambarare, na kama mchoro asilia uko ndani ya kitabu kinene, weka kadibodi chini ya karatasi ya nakala ili sindano na penseli ziwe kimo kimoja.

Na shika penseli, usishike sindano. Hili halimo kwenye maelezo ya pakiti nyingi. Macho yafuate sindano, vidole viongoze penseli. Ukishika sindano, mtetemo wa milimita moja unakuzwa mara tatu na kuonekana kwenye nakala. Ukishika penseli, mtetemo wa milimita moja unabaki milimita moja. Dakika chache za kwanza mkono hukataa, baadaye unazoea.

Tuje kwenye hesabu, maana pantografu haijui ubao wako una upana gani. Chukua kielelezo cha nakshi kwenye karatasi chenye upana wa sm 8 na urefu wa sm 11, kinachotakiwa kwenda kwenye ubao wa mbambakofi wa upana wa sm 28 na urefu wa sm 42. Uwiano wa upana ni 28 ÷ 8 = 3.5. Uwiano wa urefu ni 42 ÷ 11 = 3.82. Havilingani, kwa hiyo ubao na karatasi si maumbo yanayofanana, na hakuna tundu litakalobadilisha hilo. Shika uwiano mdogo. Kwa 3.5, urefu wa nakshi ni 11 × 3.5 = sm 38.5, unabaki na sm 3.5, ambazo ukizigawa juu na chini zinakuwa sm 1.75 kila upande: nafasi nzuri ya kupitisha nakshi nyembamba ya mnyororo. Ukishika uwiano mkubwa wa 3.82, upana unakuwa sm 30.5 na nakshi inamwagika nje ya ubao.

Ukishaupata uwiano, pande zote zisizojulikana zinajibu kwa njia moja. Yungiyungi lenye kipenyo cha sm 2.4 kwenye karatasi litakuwa 2.4 × 3.5 = sm 8.4 kwenye ubao. Na kinyume chake: ukitaka ubaoni ibaki nafasi ya sm 5 kwa ajili ya kitasa, kwenye karatasi acha 5 ÷ 3.5, karibu sm 1.43. Kuzidisha unapotoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kugawanya unaporudi. Wanaokosea, wengi hawakosei kuzidisha; wanachanganya pande. Wanachukua upana wa karatasi wakaugawa na urefu wa ubao kwa sababu ubao umelazwa mezani kwa ubavu. Andika herufi kwenye kona za karatasi na kona zilezile za ubao kabla ya kuanza.

Kifaa kisipokuwa na tundu la 3½ kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukuza mara mbili kwanza, kisha nakala hiyo uikuze kwa 1¾ kama tundu hilo lipo, maana 2 × 1.75 ni 3.5. Ubaya wake, makosa ya awamu ya kwanza yanakuzwa tena kwenye ya pili. Njia bora ni kutoboa tundu lako: 36 ÷ 3.5 = sm 10.29. Kwenye mkono wa kwanza pima kutoka O, kwenye wa pili kutoka B, kwenye wa tatu kutoka P, na kwenye wa nne pima kutoka ile ncha yake iliyo huru, si kutoka P. Huo mkono wa nne ndio unaowaponza watu. Tumia biti ya kipenyo kilekile cha skrubu, na uweke kipande cha mbao chini ili plastiki isipasuke.

Kuna jambo la kufika. Penseli haiwezi kwenda mbali zaidi ya mikono miwili iliyonyooka, yaani sm 72 kutoka nanga, na ikikaribia hapo mikono inakuwa mizito na mistari inapinda. Hesabu tisa ya kumi ya urefu huo, karibu sm 65, kuwa mwisho. Mchoro wetu wa sm 8 kwa 11 ukiwekwa ukianzia sm 7 kutoka nanga, kona yake ya mbali iko sm 18.4, na 18.4 × 3.5 ni 64.4. Unaenea, lakini kwa kubanwabanwa. Mkubwa kuliko huo ukatwe vipande. Kwenye kila kipande weka alama mbili zinazoonekana pia kwenye kipande jirani. Ukisogeza, weka sindano kwenye alama ya kwanza, sogeza karatasi ya nakala hadi alama yake ije chini ya penseli, kisha izungushe hadi ya pili ikae. Alama moja haitoshi, nakshi itakaa pembeni kidogo.

Wanaotaka kunakili nakshi kutoka kwenye picha ya mlango wa zamani wajihadhari zaidi. Chukua picha ambayo upana wa mlango kwenye karatasi ni sm 8.0, na mlangoni kwenyewe ni sm 160. Uwiano ni 20, kwa hiyo mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, wenye sm 0.6 kwenye picha ni sm 12 hasa, na urefu wa sm 11.5 ni sm 230. Usifanye kinyume, ukaanza na mfaa kutafuta upana wa mlango. Rula ikikosea milimita nusu kwenye sm 8.0, kosa halifiki asilimia 1. Ikikosea hivyo kwenye sm 0.6, ni asilimia 8. Anza kila mara na urefu mrefu kuliko yote unaoujua.

Halafu picha yenyewe. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, mtu hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo anainua simu na kuielekeza juu. Mlango unatoka umesinyaa kichwani. Upana wa chini ukisoma 8.0 na wa juu 7.6, uwiano wa chini ni 20 na wa juu ni 21.05. Ua la sm 1.0 kwenye kizingiti cha juu si sm 20 kama hesabu ya chini inavyosema, ni sm 21. Picha ya namna hiyo haifanani na mlango kwa maana ya jiometri, na pantografu itaukuza upotofu huo kwa uaminifu kabisa. Piga kipande kwa kipande, simu ikiwa wima, na uweke rula ndani ya kila picha.

Kupunguza ni kuhamisha penseli ikae P na sindano ikae Q. Tundu la 3 sasa linatoa theluthi. Hapa kifaa kinapendeza kuliko kwenye kukuza, kwa sababu makosa nayo yanapungua: kuteleza kwa milimita tatu kunakuwa milimita moja. Mwenye vielelezo vikubwa vya hina anayetaka kuviweka kwenye daftari la kuonyesha wateja atafurahi.

Eneo halifuati uwiano wa pande. Nakshi iliyokuzwa mara 3.5 ina eneo la mara 12.25, na vanishi itanunuliwa kwa hesabu hiyo ya pili. Unene wa mstari haukui kabisa, penseli ni ileile. Mstari mnene kwenye karatasi upitie mara mbili, ukingo kwa ukingo.

Kwa Mombasa, hewa ya chumvi inakula skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Nyingi ni za chuma kilichopakwa tu rangi ya fedha. Zibadilishe na za brasi za unene uleule. Pantografu ya mbao ni nzuri kushika lakini hunyonya unyevu, mikono ikavimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi. Hapa pwani, ya plastiki inashinda, ilimradi usiiache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani. Mkono uliopinda haunyooki tena.

Je, ununue? Kama kazi yako ni A4 kwenda A3, hapana. Mashine ya fotokopi ikiwekwa asilimia 141 inamaliza kwa sekunde, kwa sababu karatasi hizo ni maumbo yanayofanana: 210 kwa 297, na 297 kwa 420, uwiano ni 1.414 kila upande. Mwambie tu mhudumu asiweke ile ya kutoshea ukurasa, itabadilisha asilimia bila kukuambia. Kama unachora ukuta au ubavu wa matatu, pia hapana. Gridi ya miraba, sentimita moja kwenye karatasi kwa ishirini ukutani, haina kikomo cha kufika. Mbuni wa kanga naye hatafika: kanga ya takriban sm 150 kwa 110 inataka mchoro wa sm 15 kwa 11 ukuzwe mara 10, na kwenye tundu hilo sindano haiwezi kwenda zaidi ya sm 7.2 kutoka nanga.

Inawafaa wachongaji wa vibao vya kati, wachora herufi za maduka na walimu wa hesabu wanaofundisha mfanano na ukuzaji. Darasani, moja kwa wanafunzi wanne yatosha. Fungeni kwenye 2½, pimeni OA mpate 14.4 na OB mpate 36, wekeni sindano sm 11 kutoka nanga, kisha kila mmoja aandike OQ kabla rula haijaguswa. Jibu ni 27.5, na rula ikisoma 27.3 au 27.7, wakatafute skrubu gani imelegea.

Risasi ya penseli inayokuja kwenye pakiti mara nyingi ni ngumu, inakwaruza karatasi bila kuacha alama. HB yafaa kwa karatasi, 2B kwa ubao uliopigwa msasa. Ikichakaa na kufupika, penseli inainama na mkono unashuka, kwa hiyo ichonge na uirekebishe kimo kila ukimaliza kipande.